Ombi la Kulifunga Korongo Jumamosi Hii

Mheshimiwa Mkuu wa Hifadhi,

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, askari wako na majabali yote unayoyasimamia. Ukitaka kujua hali yangu, mimi si mgonjwa, ila ningefurahi kuugua ifikapo Jumamosi.

Mimi ni naibu mkuu wa shule, na mpanga ratiba kwa miaka ishirini na sita. Mke wangu ni mkunga aliyestaafu mwezi uliopita. Wenzake walitaka kumfanyia sherehe, akakataa. Alitaka kitu kimoja tu: tutembee, sisi wawili, ndani ya lile korongo lenu la jangwani ambalo kipeperushi kinaliita "matembezi mepesi, kilomita tatu, kwa watu wa rika zote." Nimeshaahirisha mara nne. Kwanza ulikuwa upepo, kisha viatu, kisha kuhesabu madawati. Mara ya nne nilimzulia mjomba wangu ugonjwa, na kesho yake mjomba akapiga simu mwenyewe, sauti kama tarumbeta, akiuliza mbona hatumtembelei. Mke wangu hakugomba. Aliikunja kofia yake mpya akairudisha kabatini, akasema, "Baba Watoto, Jumamosi hii nakuomba. Baada ya hapo sikuombi tena." Afadhali angegomba.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu rasmi dhidi ya korongo, kama ifuatavyo:

1. Jua. Nimeandaa ratiba ya matembezi yenye kurasa kumi na moja, vipindi vya dakika arobaini, na kengele ya mkononi. Jua lenu haliifuati. Kipeperushi chenu kinaonyesha kwamba saa nne linakuwa pale pale ambapo ratiba yangu imeweka kivuli. Naomba maelezo kwa maandishi.

2. Kona. Kwenye ramani nimehesabu kumi na saba. Mtu anatembea hajui mbele kuna nini! Mimi ni mtu wa kujua mwezi wa pili kwamba Jumanne fulani ya mwezi wa kumi na moja, kipindi cha tatu, ni jiografia. Kama haiwezekani kulinyoosha korongo lote, basi nyoosheni kona tisa za mwanzo, nyingine nitavumilia.

3. Neno "mepesi". Hili limeniudhi kuliko yote. Mngeandika "magumu", anayeshindwa angepewa pole na kiti. Aliyeshindwa na jambo jepesi ataenda kumweleza nani? Mama mkwe wangu ana miaka sabini na minane. Alilipita korongo lenu mwaka juzi kwa kandambili, akarudi akisema ni pazuri ila pafupi. Tangu siku hiyo sina raha sebuleni kwangu mwenyewe.

4. Mwangwi. Shemeji yangu anasema humo ndani sauti inarudi mara tatu. Mimi nikipanda ngazi za ofisi ya walimu nahema mpaka madarasa ya chini yananyamaza kusikiliza. Sioni kwa nini mke wangu alazimike kusikia mara tatu.

5. Hapa niseme ukweli, maana nimechoka kuubeba. Nilipokuwa namchumbia, nilimwambia kwamba ujanani nililivuka jangwa kwa miguu, siku mbili, na kibuyu kimoja cha maji. Kweli nililivuka, ila nikiwa nimelala nyuma ya lori la saruji. Aliniamini. Akawasimulia watoto, na watoto wakawasimulia walimu wao, ambao ni walimu walio chini yangu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yenu ni kilomita tatu. Naogopa, Mheshimiwa. Naogopa atageuka kwenye kona ya pili anione nimekaa juu ya jiwe, halafu aanze kujiuliza ni mangapi mengine niliyomwambia kwa miaka thelathini na mmoja.

Kwa kuwa jua halihamishiki, neno limeshachapishwa, na uongo wangu sasa una wajukuu, imebaki njia moja ya busara: ulifunge korongo Jumamosi hii, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka mke wangu atakapokata tamaa. Sababu chagua mwenyewe: nyuki, ukarabati, ukaguzi wa mawe. Muhimu tangazo liwe na muhuri, kwa sababu mke wangu ni mtu wa kuheshimu mihuri.

Nisalimie askari wa langoni, madereva, na jamaa zako wote, wakubwa kwa wadogo. Wa huku wote wanakusalimu, isipokuwa mke wangu, ambaye hajui kama nakuandikia.

Wako mtiifu, niliye kivulini,
Naibu Mkuu wa Shule na Mpanga Ratiba

Nyongeza: Nimeileta barua hii kwa mkono leo Alhamisi, maana posta ingeifikisha Jumatatu. Askari wa langoni akaniambia ofisi yako iko mwisho wa korongo, na njia ni hiyo hiyo moja. Nikaingia kwa hasira, barua mkononi, nije nikulalamikie ana kwa ana. Nimetumia dakika hamsini. Nilihema, sikatai, lakini miguu haikusimama. Sasa nimekaa kwenye benchi nje ya mlango wako, na naomba ombi langu la kufunga ulifute. Limetokea jambo baya zaidi. Kule katikati, mahali kuta zinapokaribiana na mwanga unashuka kutoka juu, niligeuka nikasema, "Mama Watoto, hebu tazama," na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nimekwenda peke yangu mahali alipotaka twende pamoja, na nimeona aibu kuliko siku zote nilizomdanganya. Basi nakusihi, Mheshimiwa: Jumamosi ukiniona langoni na mwanamke, wewe na askari wako msinisalimu. Hamnijui. Sijawahi kufika hapa.