Ng'ombe wa Upande wa Kushoto

Jumamosi, 12 Julai

Tumetoka Minnesota asubuhi, tunaelekea Montana kwenye harusi. Mkwe wangu Dwight anaendesha. Binti yangu Marit yuko mbele naye. Nyuma niko mimi, kuna Verna, mama yake Dwight, na katikati yetu yupo Signe, mjukuu wetu wa pekee, miaka tisa, mdomo wa hakimu.

Ugomvi upo. Signe amebakiwa na wiki moja tu ya likizo mwezi wa nane. Mimi namtaka kwangu ziwani tuvue samaki. Verna anamtaka kwake amfundishe kufuma soksi. Soksi! Tumevutana tangu Pasaka. Leo Marit kachoka, akasema malizeni kwa ng'ombe. Atakayekuwa na ng'ombe wengi tukiingia Montana, mtoto wake.

Sheria ni zile zile nilizocheza na baba yangu. Ng'ombe wa upande wako ni wako ukiwahi kupiga kelele. Lakini yakitokea makaburi upande wako, mwenzako akawahi kuyataja, kundi lako lote limezikwa. Unaanza upya, fukara.

Nikawahi dirisha la kushoto. Nikasema nyonga yangu haipatani na kulia. Uongo mtupu! Nimeendesha lori la maziwa njia hii maisha yangu yote, najua kushoto kuna zizi la kunenepeshea ng'ombe, kubwa kama mji. Verna akasema kaa, baba Marit, usije ukatufia njiani ukatuchelewesha.

Hata mjini kwetu hatujatoka, makaburi, upande wangu. Verna akayataja. Nikacheka mpaka meno yakacheza. Azike nini? Sina hata ndama.

Baadaye zizi. Pua ililiona kabla ya macho. Nikapiga kelele Dwight akakanyaga breki. Signe akakadiria kichwa kwa kichwa, akachoka, akasema ni wengi mno, babu, wewe tajiri. Nikajinyoosha. Nikaanza kumpa Verna pole.

Verna alikuwa amefumba macho, sindano za kufumia zinatembea zenyewe. Akasema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi: makaburi.

Kweli. Kanisa dogo jeupe, na mawe yake yamejipanga. Signe akaniamuru nivue kofia niseme neno la mwisho. Nikasema marehemu walikuwa ng'ombe wema, wameuawa na mwanamke anayejifanya amelala.

Kushoto kwa barabara hii kumejaa makanisa. Sikujua watu wa huku wanafia upande mmoja.

Jumapili, 13 Julai

Dakota Kusini. Nyasi, anga, nyasi.

Nimepata akili mpya. Asichokiona hawezi kukizika. Nikatoa ramani ya karatasi, nikaikunjua nikaibandika kwenye dirisha langu lote, nikajifanya naisoma. Dwight akalalamika haoni magari ya pembeni. Nikamwambia vijana wa siku hizi hawajui kusoma ramani. Akanikumbusha kwamba nimeishika miguu juu.

Makaburi yakapita, hakuna aliyesema kitu. Ushindi! Nilijuaje kwamba yamepita? Signe aliniambia baada ya saa nzima. Akaniambia pia kwamba yalipita makundi manne ya ng'ombe wangu, na mimi nilikuwa natazama karatasi. Wakati huo Verna alikuwa akichuma wake kulia, mmoja mmoja, bila kelele, kama anachuma maharage.

Jioni tukapita kwenye mbuga. Nyati, kundi zima, kushoto! Nikawadai. Signe akakataa. Nikamuuliza nyati hana pembe? Anazo. Hana kwato? Anazo. Hali nyasi? Anakula. Akasema hata mbuzi, babu. Marit akacheka mpaka akamwaga soda. Nimemlea mwenyewe yule.

Verna akanipa mbegu za alizeti nitafune nitulie. Nimekula. Adui ni adui, mbegu ni mbegu.

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya mwisho. Verna tajiri, mimi nina ng'ombe wawili na mmoja anachechemea.

Tuliposimama kutia mafuta nilimwendea mzee mmoja mwenye kofia pana, mchunga ng'ombe kabisa. Nikamuuliza ng'ombe wako wapi. Akanielekeza barabara ya changarawe, akasema huko kushoto utachoka kuhesabu wewe. Nikamwambia Dwight ni njia ya mkato. Mkwe wangu ana tabia moja nzuri, anaogopa kunibishia.

Mzee hakudanganya! Kwanza kulia, upande wa Verna, makaburi ya familia fulani, mawe matano na uzio. Nikayatangaza kwa furaha isiyofaa mbele ya marehemu. Ng'ombe wote wa Verna chini! Akavua miwani, akasema neno lake la mwisho, fupi na la heshima. Halafu kushoto, wangu, ng'ombe weusi kilima kizima. Nikaimba. Niliimba ubeti baada ya ubeti. Signe akaziba masikio.

Tukafika darajani. Daraja limefungwa. Maji yamelila ubavu.

Dwight akageuza gari.

Nilikuwa bado naimba, sikuona kinachokuja. Kile kilima kikatokea tena, na sasa kiko kulia. Verna akasema, kwa sauti ya kanisani, ng'ombe wangu. Nikapinga, ni wale wale, nimeshawahesabu! Signe akafikiri, akaamua kwamba ng'ombe hana tajiri, ana upande. Nikataka kukata rufaa. Kabla sijapata maneno, yale mawe matano na uzio yakaja taratibu upande wangu wa kushoto.

Verna akaniambia pole, baba Marit. Makaburi.

Tumeingia Montana nikiwa sina hata mkia. Sikula chakula cha jioni. Nilikula kidogo.

Jumanne, 15 Julai

Asubuhi hotelini Verna akaja na kahawa yangu. Akakaa. Akasema ile wiki ya mwezi wa nane daktari anambadilishia goti, hataweza hata kupanda ngazi. Mchukue mtoto, baba Marit, ni wako.

Nikamuuliza amejua lini. Akasema tangu Pasaka.

Basi tulikuwa tunagombea nini, mama Dwight? Akasema safari ni ndefu na redio ya Dwight mbovu.

Signe akanirukia shingoni, akauliza minyoo ya chambo tutachimba wapi. Mtu mwingine angenyamaza, akanywa kahawa yake.

Lakini nikafikiri. Kupewa! Mimi, kama maskini anayegawiwa koti kuukuu? Nikasema hapana, wiki irudi mezani, tutaichezea upya njia nzima ya kurudi, na nitaichukua kwa jasho langu. Marit akashika kichwa. Verna akakubali papo hapo, akasema akishinda, Signe atakuja kumshikia mguu hospitali. Signe akanitazama kama anayetazama samaki aliyejirusha mwenyewe kwenye kikaango.

Mtoto, hajui mambo. Safari hii nimechagua upande wa kulia. Siku tatu nimeona kwa macho yangu kulivyo na baraka, ng'ombe wengi, makanisa haba. Verna hakubisha hata kidogo. Amehamishia sindano zake kushoto.

Amekata tamaa, maskini.