Ini la Mwenye Karatasi

Miaka ile serikali iliposema ruksa, kila mwenye mlango na kufuli pale Bariadi alifungua duka. Salvatory alifungua maabara. Alikuwa na koti jeupe, hadubini isiyo na kioo, na ulimi ambao ungekuuzia pamba yenye mchanga ukashukuru na mchanga.

Bahati ilimshukia siku Mama Nyanjige wa Dutwa alipoteremka basini akiuliza wapi wanapima damu. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kupinda kwa ugonjwa wa viungo. Hospitali moja ya Mwanza ilimpa vidonge vya kumeza mara moja tu kwa wiki, naye akavipangia siku ya gulio asisahau. Dawa kali ile, walimwambia. Inatuliza viungo lakini yaweza kula ini. Damu ipimwe kila mwezi, na baada ya miezi mitatu majibu ayapeleke.

Salvatory akamhurumia sana. Kwa ndama jike mmoja tu, alisema, atampimia mwaka mzima. Ndama akaletwa. Kila mwezi Salvatory alivuta damu, akaimwaga uani, kisha akanakili tarakimu za karatasi yake mwenyewe ya majibu ya damu, aliyopewa zamani alipoomba kazi kwenye kinu cha pamba huko Maswa. Maana tapeli mwenye heshima haandiki uongo. Anaandika ukweli wa mtu mwingine.

Miezi mitatu ikatimia, mama akaenda Mwanza, akarudi mikono mitupu.

"Mwadila, mwanangu," akamsalimu Salvatory pale maabarani.

"Mwadila, mayu. Daktari amesemaje?"

"Amezuia vidonge. Anasema mwenye damu hii ini limekwisha. Akauliza anakunywa nini. Mimi Msabato, hata chai ya rangi sinywi."

Salvatory akakaa. Alikumbuka gongo ya jana, na ya juzi, na ile iliyokuwa bado chini ya meza. Tumbo likaanza kumuuma upande wa kulia, kisha, kwa kuwa hakujua vizuri ini linakaa wapi, na wa kushoto.

"Anamtaka mwenye damu hiyo upesi," mama akaongeza. "Ila mimi nauli sina tena."

Siku hiyo hiyo ndama aliuzwa nusu bei. Salvatory akalipa nauli za watu wawili, akimwambia kila abiria kwamba yeye ni mtaalamu, anasindikiza mgonjwa. Mwanza alilipia vipimo viwili, cha pili kwa kunong'ona.

Mchana daktari akawaita. Mama dawa inamkubali, akasema, ini lake zima. Akampa vidonge vya miezi mitatu. Kisha akamtazama Salvatory.

"Lako nalo zima. Na zile karatasi za mwanzo nilimwambia mama wazi: damu nyingi namna ile, isiyobadilika hata nukta miezi mitatu, ni ya kijana wa kiume mwenye afya zake."

Salvatory akamgeukia mama kwenye benchi. "Mayu, si ulisema ini limekwisha?"

"Nilikupa majibu tu, mwanangu," mama akasema, akifunga vidonge kwenye pindo la khanga kwa vidole vyake vizito. "Sikupima."