Karavani Iitwayo Fungate

Jumamosi, 11 Januari

Siku ya ishirini na nane ya ndoa. Mume wangu! Naandika tena: mume wangu! Anaitwa Goodluck, na bahati yote imeniangukia mimi, Scola, msuka nywele wa Glenwood, kidato cha nne daraja la tatu.

Leo nimenunua karavani, nyumba ya kukokotwa na gari.

Goodluck alirudi kutoka Clairwood, anakoendesha foklifti ghalani, akaikuta uani kwa Bi Mumtaz, mwenye nyumba wetu hapa Bluff, Durban. Nyeupe, ina mstari wa kahawia, kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, na mapazia ya mioyo niliyoyashona mwenyewe. Aliizunguka mara mbili. Akasema, "Eish." Akauliza pesa ya friji na makochi iko wapi. Nikamwonyesha karavani kwa mikono miwili, kama mtangazaji wa televisheni.

Nilimweleza. Hatukupata fungate. Bandari ilijaa makontena, likizo yake ikafutwa wiki ile ile ya harusi. Wenzetu wanakaa ndani siku saba, wanaletewa supu kitandani. Sisi tulikaa saa kumi na nne! Sasa fungate yetu itakuwa na magurudumu. Kiangazi, masika, mwaka mzima!

Alipiga gurudumu teke. Kisha akatoa masharti, hotuba yake ndefu kuliko zote tangu nimjue. Karavani itupeleke fungate, siku saba kamili, na iturudishe mpaka uani kabla ndoa haijatimiza mwaka, tarehe 14 Desemba. Ikishindwa, inakwenda kwa Anselmo, rafiki yake Mkongo anayechoma kuku kando ya barabara Clairwood na kuuza samani kuukuu. Anselmo atatupa friji na makochi, naye ataigeuza mgahawa wa madereva wa malori.

Nilikubali huku nacheka. Siku saba ndani ya mwaka mzima! Maskini, nimemshinda kabla hajaanza.

Karavani nimeiita Fungate.

Jumapili, 16 Februari

Joto. Mvua. Joto la mvua.

Mwezi uliopita nilifanya jambo la akili. Nilifukiza udi ndani ya Fungate, nikaziba matundu yote ya hewa kwa selotepu, nikaifunika nailoni mpaka chini, ili harufu ya mapenzi isitoke hadi safari yetu ya Pasaka. Leo nimeifungua kumwonyesha mume wangu.

Uyoga! Juu ya godoro! Uyoga wa kweli, wenye kofia!

Nilipiga ukelele hadi Bi Mumtaz akatoka na taulo kichwani. Mapazia ya mioyo yameota manyoya ya kijani. Ukuta ukiugusa, kidole kinaingia.

Bi Mumtaz amezaliwa hapa hapa Durban. Wazee wake ndio walitoka Zanzibar. Akaniambia, "Mwanangu, hii si maiti, unaivalisha sanda ya nini? Iache ipumue." Akasema nifungue madirisha. Goodluck alichuma uyoga mmoja, akaunusa, akaniangalia. Anajizuia kwa sababu ananipenda.

Kuanzia leo madirisha wazi. Yote!

Jumatano, 12 Machi

Tumbili.

Bi Mumtaz amefunga Ramadhani, na jana alitupa sambusa ishirini. Nilizificha ndani ya Fungate ili leo nimkaribishe Goodluck kwa mshumaa. Madirisha yalikuwa wazi, kama nilivyoagizwa. Nafungua mlango: tumbili saba wamekaa mezani. Wamekaa! Kama familia! Mkubwa wao alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia bila hodi.

Wametoka na sambusa zote, pazia moja, na shela yangu ya harusi. Shela iko juu ya paa la jirani. Inapepea.

Bi Mumtaz alishangaa sijaweka wavu. Bluff nzima ina wavu, alisema, alidhani najua. Goodluck akauliza kuhusu sambusa. Nikamwambia hakuna sambusa. Jambo ambalo, kwa saa ile, lilikuwa kweli.

Wavu umewekwa. Tena nimevuta hendibreki ya Fungate kwa nguvu zangu zote na kuiacha hivyo. Kwa jinsi nilivyowaona wale tumbili, hawashindwi kuisukuma.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Safari! Yaani, hakuna safari.

Goodluck alipata likizo ya siku nane. Anselmo mwenyewe alituazima pikapu, huku anatabasamu, jambo lililopaswa kunishtua. Tukafunga Fungate kwenye chuma cha kuvutia mizigo. Bi Mumtaz akatuombea dua. Goodluck akakanyaga mafuta, na Fungate ikatoka bila magurudumu kuzunguka! Ikaburuzwa kama mbuzi aliyegoma. Hendibreki imegandana kwa kutu tangu Machi. Hewa ya bahari! Nani angejua? Sasa kuna mistari miwili myeusi kwenye saruji ambayo Bi Mumtaz aliimwaga mwezi uliopita. Aliitazama saruji. Akanitazama mimi. Akaingia ndani taratibu.

Nikatoa wazo: tukae siku saba humu humu uani, na zihesabiwe. Anselmo alipokuja kuchukua pikapu tukamfanya hakimu.

"Shemeji," akasema, "kusafiri ni kutoka. Hapa mumetoka mita tatu tu. Iko zero."

Kisha akatoa futi kamba mfukoni, akapima dirisha. Mbele yangu! Hakuona hata haya.

Goodluck ameshinda chini ya Fungate anapaka grisi. Mikono yake! Hata ikiwa myeusi hivyo, mikono yake!

Jumamosi, 14 Juni

Hali ya hewa kavu, anga safi, hakuna kuvu, tumbili wamekomeshwa, breki iko sharp. Goodluck ana wiki nzima. Kilichotokea si kosa langu. Ni la Mama Ernestina.

Mama Ernestina ni mwenyekiti wa akina mama wa Kitanzania hapa. Alisimamia kicheni pati yangu na ndiye aliyenifunda. Alisikia naenda fungate, akapiga simu. Bibi harusi haendi fungate bila vyombo alivyotunzwa, alisema, na kila mama atataka picha ya chombo chake kikiwa jikoni. Huwezi kumkatalia. Anajua mambo yangu yote, na ana sauti.

Nikapakia. Masufuria kumi na manne, hotipoti tisa, chupa sita za chai, blenda tatu, seti mbili za sahani, kinu na mchi wake. Vyote nyuma kabisa, chini ya kitanda, ili mbele pabaki pa watu wawili kukaa wakitazamana. Goodluck aliuliza kinu cha nini. Nikamwambia cha mapenzi.

Tukiteremka kutoka Bluff, Fungate ikaanza kutikisa mkia. Kushoto. Kulia. Kushoto tena! Nyuma ya pikapu ya Anselmo ikawa inaelea. Goodluck alikauka kama sanamu. Kufika Clairwood roboti, taa za barabarani wanavyoziita huku, ikawa nyekundu, tukasimama, na Fungate ikaketi. Ikaketi! Matako chini, pua juu! Pikapu ikanyanyuliwa nyuma kama sketi na upepo, na masufuria kumi na manne yakaimba kwa pamoja. Yote haya mita mia kutoka kwa jiko la Anselmo. Alitupungia koleo lake la kugeuzia kuku.

Dereva wa lori, Mzulu mmoja mnene na mpole, alishuka kutueleza. Mzigo unakaa juu ya ekseli, mhimili wa magurudumu, na kidogo mbele yake, kamwe si nyuma. Akauliza kama tunahama. Goodluck akasema ndiyo, maana ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Trafiki akaturudisha nyumbani baada ya kilomita sita.

Mama Ernestina ameshauliza picha ziko wapi.

Jumatano, 24 Septemba

Jumamosi Anselmo alikuja tena na futi kamba, na safari hii na chaki. Alichora kwenye ubavu wa Fungate mahali atakapokata dirisha la kuuzia. Chaki! Kwenye ubavu wake! Nikaamua: nitamkinaisha.

Nilitandaza kilo mbili za dagaa wa Mwanza chini ya godoro, nikafunga mlango siku nne. Leo nikamkaribisha kwa heshima zote akague ndani. Aliingia. Akavuta pumzi. Akafumba macho.

"Shemeji," akasema, "hii iko harufu ya biashara."

Akanieleza habari za kwao Kalemie, za mama yake na kikaango chake. Akasema dagaa watakuwa wa kwanza kwenye menyu. Aliondoka na nusu kilo na machozi kidogo machoni.

Harufu haitoki. Nimetumia siki, magadi, malimau, udi. Godoro sasa linanuka dagaa waliokwenda kanisani. Goodluck amesema atazoea. "Nimezoea mengine," akasema. Sijui alimaanisha nini, lakini alisema kwa upole sana.

Jumamosi, 6 Desemba

TUMEFIKA!

Kilomita sabini kusini mwa Durban! Kambi ya nyasi, bahari mbele, miti nyuma! Leo hadi Ijumaa ni siku saba, kesho yake tunarudi, siku moja kabla ya mwisho. Hesabu nimeifanya mara tano.

Kila kitu ni sawa. Matundu wazi, wavu madirishani, breki laini. Vyombo vyote nimeviacha nyumbani isipokuwa sufuria moja, juu ya ekseli kabisa. Mama Ernestina nimemtumia picha nilizopiga chumbani kwetu, zikionyesha vyombo tu, bila ukuta. Majirani wa kambi wamehamishia hema lao upande mwingine wa upepo. Wivu!

Na Goodluck ameongea dakika kumi mfululizo! Alisema tangu afike Afrika Kusini hajawahi kukaa akaangalia maji bila kuwaza zamu. Alisema labda friji inaweza kusubiri. Kwamba akikumbuka ile siku ya kwanza, alipoikuta uani, anajiona alikuwa mkali. Nikalia. Akanifuta machozi kwa taulo la vyombo.

Nimeiweka furaha yetu kwenye simu watu wote waone: picha, ramani ya mahali tulipo, na maneno haya: "Jumamosi ijayo bibi harusi anatoka ndani!"

Jumamosi, 13 Desemba

Saa mbili asubuhi, vigelegele.

Nilidhani naota. Mama Ernestina! Na akina mama wanane, sare ya kitenge, wameendesha tangu alfajiri! Bibi harusi akimaliza fungate hutolewa ndani kwa shangwe, na mimi mwenyewe nimetangaza siku. Hatolewi mikono mitupu pia. Wameleta masufuria ya kupikia watu hamsini. Masinia. Ndoo mbili za hotipoti. Na walipitia kwa Bi Mumtaz kumsalimu, wakaona vyombo vyangu vyote vimebaki chumbani, wakadhani nilivipiga picha kisha nikasahau kuvipakia. Wakaja navyo. Na kinu.

Walipakia wenyewe, wakiimba. Nyuma kabisa. Nikajaribu kusema habari za ekseli. Mama Ernestina akanishika kidevu: "Wee mtoto, siku ya kutolewa bibi harusi habebi wala hasemi. Utatuaibisha?"

Goodluck alikuwa ameenda ofisi ya kambi kurudisha funguo. Aliporudi mlango wa Fungate umefungwa, akina mama wanapunga mikono. Ningemwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa ananitabasamia hivi, na zilibaki kilomita sabini tu!

Sitini na nne zilienda vizuri, kwa kutikisa mkia kidogo. Goodluck akasema ni upepo. Nikasema ndiyo, upepo.

Clairwood. Roboti. Nyekundu.

Fungate ikaketi. Ikatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kitu kisicho na roho. Ekseli! Gurudumu moja likatazama Bluff, lingine likatazama Glenwood. Mlango ukafunguka, sufuria la watu hamsini likatoka likizunguka peke yake katikati ya barabara, na harufu ya dagaa ikalifuata. Madereva wa malori wakashuka. Walipoona jiko, masinia na harufu ile, wakapanga foleni. Foleni! Wa mbele akaniuliza kama kuna ugali.

Anselmo alivuka barabara na aproni yake. Hakucheka; namheshimu kwa hilo.

"Shemeji," akasema, "umeniletea mpaka kazini."

Akaingia, akawasha jiko letu.

Kilomita sita kutoka uani! Goodluck aliangalia nyuma, akaona vyombo, akaelewa yote. Nikangoja. Akasema, "Eish." Kisha akanishika mkono, akasema siku saba ni siku saba, na hizo Anselmo hawezi kuzikatia dirisha.

Mume wangu!

Jumapili, 14 Desemba

Mwaka mmoja wa ndoa! Nimebadilika sana. Nimekuwa mtu mzima, mtulivu, asiyekurupuka.

Baada ya misa nilienda peke yangu kwa Anselmo kuchagua friji na makochi. Fungate ameshaikata dirisha, pale pale penye chaki. Alinipa sahani ya dagaa, watamu. Friji ni nzuri, milango miwili. Makochi rangi ya chai ya maziwa. Na nyuma ya makochi, kwenye trela, chini ya magodoro ya watu, nikaona boti.

Boti! Ya bluu! Ina kibanda kidogo chenye kitanda! Boti haina ekseli ya kukatika, haina hendibreki, na sijawahi kuona tumbili anaogelea. Anselmo akasema nichague moja, friji na makochi au boti. Akauliza kama Goodluck anajua. Akauliza tena. Nikamwambia Goodluck ni mume wangu, tunajuana.

Ameileta kwa pikapu sasa hivi, iko uani. Wingu limetanda, kwa hiyo nimeshaishughulikia: nimefukiza udi kibandani, nimeziba kila tundu kwa selotepu, nimeifunika nailoni mpaka chini. Hakuna pa kupita hata sindano.

Goodluck hajaiona. Yuko ndani, anasogeza kitanda ili friji ipate nafasi. Anapiga mluzi. Mwaka mzima sijamsikia akipiga mluzi. Anafurahi hivi kabla hata sijamwonyesha!