Balozi Aliyetafsiri Kila Kitu

Kamati Kuu ya Jumuiya yetu sisi Wakongo wa ugenini inafurahi kuutangazia ulimwengu, kuanzia mtaa wa Umbilo hadi wa Overport, kwamba hatimaye imepata balozi. Ni Mbulgaria. Mimi Bertrand, katibu wa protokoli, ndiye niliyempata, kwenye foleni ya mkate pale Glenwood.

Anaitwa Velizar Donkov, mshairi, mfasiri na mwanadiplomasia mstaafu. Anaishi na binti yake anayefundisha chuoni. Ujanani alitumwa kwenye ubalozi wa nchi yake huko Kongo, na Kiswahili alikiokota Lubumbashi, ndiyo maana husema “iko” kama sisi. Angefika mbali, lakini siku moja, akimtafsiria waziri wake mbele ya wageni, alitafsiri na yale waziri aliyonong'ona. Alirudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya. Afya ya waziri. Tangu hapo aliishi kwa kufasiri mashairi ya wenzake, hata ya kwake yakamkauka.

Kamati iliridhika na wasifu huo bila kuusoma. Diwani, asiyejua Kiswahili, alikuwa anakuja kwenye ukumbi wa parokia kuamua juu ya akina mama wanaosuka nywele kando ya Umbilo Road: waondoke au wabaki. Mwenyekiti wetu, Prezida Léonard, mwenye duka la simu Overport, alikwisha kumhakikishia diwani kwamba wataondoka bila kelele, naye akaahidiwa kiti katika baraza la ushauri. Mchakato ulikuwa umekamilika. Ilibaki tu akina mama wenyewe kujulishwa.

Siku ile Prezida alihutubia kwa muda mrefu juu ya umoja, mshikamano na dira. Papa Velizar akamweleza diwani, kwa Kiingereza, kwamba mwenyekiti anafurahi kuwa mwenyekiti. Kisha Prezida akasema mama zetu wamekubali kuondoka kwa moyo mweupe.

Nyuma ya ukumbi akasimama Mama Immaculée, ambaye tangu atoke Bukavu amelea watoto wake kwa vidole vyake, pale pale barabarani.

“Mimi sikukubali,” alisema. “Hakuna mutu aliniuliza.”

Papa Velizar akatafsiri. Prezida akamwinamia, akamwelekeza kwa upole kwamba maneno hayo hayamo katika programu, asiyatafsiri. Mzee akamgeukia diwani.

“Mwenyekiti anasema haya nisikutafsirie.”

Ukumbi ukacheka. Diwani hakucheka. Aliwauliza akina mama mmoja baada ya mwingine, na mzee akatafsiri kila jibu. Mwishowe diwani akasema watabaki, na kile kiti cha baraza akikalie Mama Immaculée.

Kamati ilitoa tamko kwamba ushindi huo ni matunda ya uongozi wa Prezida. Nikatumwa kwa Papa Velizar kuomba shairi la kumbukumbu. Alinikaribisha chai, akasema limeshaandikwa, la kwanza baada ya miaka mingi, kwa lugha ya kwao. Lilimjia lenyewe usingizini. Linamsifu mtu aliyekuwa jasiri siku ile ukumbini.

Prezida aliguswa sana. Alilitia katika fremu, akalitundika dukani juu ya chaja, na hakuna mteja aliyeondoka bila kuonyeshwa.

Wiki iliyopita akaingia baharia Mbulgaria, ambaye meli yake ilikuwa bandarini, akitafuta laini ya simu. Aliliona shairi, akalisoma kimya, macho yakamlowa. Prezida akamwuliza, kwa unyenyekevu unaostahili cheo chake, kama limemgusa.

Baharia alisema limemgusa mno, hata amemkumbuka mama yake mzazi. Akaomba aelekezwe kwa huyo Immaculée, akamshike mkono kabla meli haijaondoka.

Kamati iliitishwa kwa dharura jioni ileile. Baada ya majadiliano ya kina, imethibitika bila shaka yoyote kwamba baharia yule hajui Kibulgaria.