Nilivyopanda Kumtuza Mwimbaji wa Opera

Wenzangu, leo uso wangu nimeuacha Riyadh. Nawaandikia nikiwa uwanja wa ndege, tunangoja ndege ya kurudi Jeddah, nami nimeketi viti vitano mbali na mabosi wangu kwa hiari yangu mwenyewe. Nayasema mapema kabla hamjaletewa na mwingine, maana umbeya hupanda ndege bila tiketi.

Kwa wasionijua, mimi ni Aisha wa Kisauni. Niko Al-Nuzha, Jeddah, mwaka wa kumi na moja sasa, nyumba ile ile. Kazi yangu ni Bibi, mama yake baba mwenye nyumba, ambaye yuko kwenye kiti cha magurudumu. Zamani kazi yangu ilikuwa Hanan, binti yao. Nilimkuta ana miaka tisa, hajui hata kujichana nywele. Leo ana ishirini, na sauti yake akiimba bafuni mimi huzima mashine ya kufulia ili nisikie.

Hanan anataka kusomea uimbaji, na chuo kimeshamkubali. Baba hataki. Si mtu mbaya, lakini kwake kuimba ni mchezo wa watoto, na binti yake akasomee mambo ya benki kama yeye. Wamevutana miezi. Mwisho baba akasema, "Nitakuja kukutazama mara moja. Mara moja tu. Nikitoka hapo nitasema ndiyo, au halas, yamekwisha."

Hiyo mara moja ilikuwa leo, kwenye opera huku Riyadh.

Sasa, opera. Hanan alinieleza jikoni nikikata vitunguu. Ni ya Wamarekani. Mwanzo ulikuwa mchezo wa kuigiza, watu wanazungumza tu jukwaani, kisha akaja mtunzi wa muziki akaugeuza wote kuwa nyimbo.

"Wote?"

"Wote, Dada."

"Hata mtu akiomba maji?"

"Hata akiomba maji, anaimba."

(Nikasema moyoni, Wamarekani wana muda.)

Hadithi yenyewe, dada wawili wanagombania nyumba ya baba yao. Na mzee mwenyewe yu hai, amekaa pale pale kwenye kiti, anawasikia. Hanan ni mtumishi wa ile nyumba. Ana wimbo mmoja tu, mwishoni. Nikamuuliza mwisho inakuwaje, akakataa katakata. "Nikikwambia hutalia," akasema.

Na aliyemfundisha kushika sinia ni mimi. Mtoto wa watu hajawahi kubeba sinia tangu azaliwe. Wiki mbili tumezunguka sebuleni, yeye mbele mimi nyuma. "Kiwiko ndani, Hanan. Chai hiyo si yako, ya mgeni." Bibi anatutazama na kucheka.

Basi asubuhi tukapanda ndege. Kwenye teksi ya kwenda ukumbini madam, mama yake Hanan, akanipa masharti. "Aisha, mafi simu, hakuna simu. Mafi kula. Mafi kuongea. Leo baba anatazama." Nikaitikia yote, moja baada ya jingine. Nataka ieleweke mbele yenu na mbele ya Mungu: kutuza hakukutajwa.

Ukumbi ni mdogo, pande za Sulimaniyah, na mambo yakaanza baada ya sala ya alasiri. Kwa sababu ya kiti cha Bibi tukawekwa mbele kabisa, pembeni, hatua tatu kutoka kwenye ngazi za kupandia jukwaani. (Aliyetupanga hapo naye ana lake la kujibu.)

Saa nzima nilikuwa mtu mwenye adabu zake. Wale dada wawili wanaimba Kiingereza, maneno ya Kiarabu yanapita juu kwenye ubao wa taa, nami nayasoma kwa Kiarabu changu cha madrasa, nusu nayapata, nusu yananipita. Bibi amesinzia. Baba amekunja mikono kama mtu anayengoja fundi wa friji. Na watu wote kimya. Hakuna anayeinuka, hakuna anayesema hata "eeh". Nikawahurumia waimbaji. Kwetu mwimbaji akipokewa na kimya namna ile anajua harusi imeharibika.

Kisha akatoka Hanan.

Wallahi nilijiona. Aproni, sinia, kiwiko ndani. Mwendo ni wangu. Hata ule mguu wangu wa kushoto unaoburuta kidogo nikichoka, ameuchukua. Hata kufuta mkono ubavuni kabla ya kushika kikombe, mimi huyo. Sikujua kama miaka yote hiyo alikuwa ananitazama. Akafika katikati, akaanza kuimba, na ubaoni nikasoma: Mnagombania kuta, nani amemuuliza mzee kama amekula?

Jamani. Mimi swali hilo huliuliza kila siku ndani ya nyumba ile. Wageni wakijaa sebuleni, kelele juu, ni mimi ninayezunguka kuuliza kama Bibi amekula. Machozi yakanitoka hapo hapo.

Sasa nyinyi wa Pwani mnajua. Mwimbaji akikugusa, hukai. Kukaa na mkono wa birika mbele ya mtu aliyekuimba wewe mzima mzima ni utovu wa adabu, na marehemu mama angenifinya. Unainuka, unacheza taratibu, noti juu ionekane, unamtuza, unarudi kitini. Sikumkumbuka madam. Sikuikumbuka Riyadh. Mkono ulishaingia kwenye pochi wenyewe.

Nikapanda zile ngazi na riyali hamsini juu. Bega la kulia, bega la kushoto, abaya inafuata. Ajabu ni kwamba hakuna aliyenizuia. Mtu wa taa akadhani nami nimo mchezoni, akanimulikia. Ikabidi nicheze vizuri zaidi (ukishamulikwa utafanyaje).

Hanan mikono yote iko kwenye sinia. Nikaiweka noti juu ya sinia, kando ya kikombe. Macho yetu yakakutana. Yake yalisema jambo ambalo sitaliandika hapa, kuna watu wazima humu. Lakini sauti haikutetereka. Alinizunguka kama mtu anayezunguka meza, akaenda hadi kwa mzee, akatua sinia, akamgusa bega. Akaimba neno moja refu, jembamba, likapanda, likapanda, kisha akanyamaza. Muziki nao ukanyamaza.

Nikajua wimbo umekwisha. Na wimbo mzuri ukiisha husindikizwa.

Nikapiga kigelegele.

Mliokuwa harusini kwa dada yangu mnakijua kigelegele changu. Kirefu, na mwishoni kina kona. Ukumbi mzima ulikuwa kimya kabisa, kwa hiyo hata kile kikona hakikupotea. Ndipo nikageuka na kusoma ubao.

Mzee wetu amekufa.

Nimempigia maiti kigelegele. Wale dada wawili walikuwa wameshapiga magoti kwa ajili ya kulia, mmoja amefunika uso, mabega yanamtikisika, na hayakuwa machozi. Kabla sijapata pa kujificha, Bibi akashtuka usingizini kule chini. Akasikia kigelegele, akadhani tuko harusini, akanijibu. Kikali kuliko changu, na ana miaka themanini na kitu. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikamtazama maiti, na tumbo lake lilikuwa linapanda na kushuka.

Msichana wa mlangoni akaja akanishika mkono. "Yalla, mama, yalla," ananiambia kwa upole, vile vile ninavyomwambia Bibi wakati wa kuoga. Akaniweka nje kwenye korido, karibu na meza ya kahawa. Nikasikia kicheko kikipungua taratibu, kisha sauti ya Hanan ikiendelea peke yake. Nikalia sana. Sikulia aibu yangu, aibu mimi nimezizoea. Nililia kwa sababu mtoto alipewa mara moja tu, na hiyo mara moja nimeicheza mimi.

Walipotoka, madam alinipita kama nguzo. Baba akasimama mbele yangu, tasbihi mkononi.

"Aisha."

"Naam, baba."

"Umempandia binti yangu jukwaani."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Watu wakacheka. Hata yule aliyekufa alicheka."

"Ndiyo, baba."

"Mama yangu mzazi akapiga kigelegele."

Nikatazama viatu vyangu. Baba anazungusha tasbihi, nami namngojea aseme halas ili nikaanze kufunga mizigo ya moyo.

"Yeye hakucheka," akasema. "Hakusahau hata neno. Kule benki nina watu wazima, simu ikilia tu wanasahau walichokuwa wanakisema." Akashusha pumzi. "Mtu anayeweza kufanya kazi yake na wewe unamchezea usoni, hiyo si michezo tena. Aende akasome."

Nilitaka kumbusu mkono, akaurudisha mfukoni haraka. Kwa leo ameshaona ya kutosha.

Hanan mwenyewe hajanisemesha tangu magharibi. Kila akigeuka ili anikasirikie vizuri, kicheko kinamtangulia, anarudi kutazama dirishani. Nimemwacha. Ana haki yake.

Nawaomba basi, kwa heshima ya umri wangu, msicheke. Anayetaka kucheka acheke akiwa amejifungia. Hanan atasomea uimbaji miaka minne, na madam, mtu wa kupanga mambo mapema, ameshatangaza ndani ya teksi kwamba siku ya mahafali kuna watu wawili watakaobaki nyumbani: mimi, na mama mkwe wake.