Komeo la Kisu Nililovumbua Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Mjomba anastaafu! Jumamosi atataja nani arithi meza yake ya dirishani hapa karakana ya visu: mimi au binti yake, Msumari. Meza ile naitaka kufa na kupona. Asubuhi kisu cha kukunja kimejifunga, kikanikata kidole. Damu! Papo hapo wazo: springi mgongoni, ishikilie bapa. Nikamweleza Mjomba. Akavuta droo, akanipa kisu chenye springi hiyohiyo. Akasema zina mamia ya miaka. Msumari alicheka huku anapiga tupa.

Jumanne, 4 Machi
Springi haitoshi. Nimebuni jino: linadumbukia kwenye pengo nyuma ya bapa, na kisu hakijifungi mpaka ubonyeze mgongoni. Droo tena! Kisu cha mpini wa pembe, kikongwe kuliko babu. Nikakifungua. Tak! Yarabi, uzuri ule! Aliyekitengeneza hakuwa na umeme, alikuwa na tupa na macho yake. Nimemkubali.

Jumatano, 5 Machi
Pete shingoni mwa mpini. Ukiizungusha, bapa haliendi popote. Droo. Pete ipo. Nikamuuliza Mjomba kama mafundi hao wa kale walituachia chochote cha kubuni. Akasema walituachia kunoa.

Alhamisi, 6 Machi
Tatizo si akili yangu, ni droo. Mjomba alipokwenda kula nikaipeleka nyumbani ndani ya gunia. Jioni nikamwonyesha Mjomba wazo jipya: utepe wa chuma unaochepuka ndani ya mpini na kuziba njia ya bapa. Akatoa mfukoni kisu chake cha kumenyea machungwa. Kina utepe uleule! Anacho miaka thelathini.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejidai mgonjwa. Siku nzima nafungua na kufunga visu vya droo. Kilichonimaliza ni kile cha kale kuliko vyote: hakina komeo. Bapa lina mkia mdogo wa chuma, unaukandamiza kwa gumba lisijifunge. Mkono wako ndio komeo! Aliyewaza hivyo alikuwa na akili ya kutisha. Mke wangu akasema sijawahi kumtazama yeye namna hiyo. Ni kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Nimerudisha droo. Mjomba hakugomba, aliuliza tu nimependa kipi. Kisha meza akampa Msumari. Wiki nzima, mimi nikibuni, yeye alimaliza kikapu chote cha visu vya wateja. Roho iliniuma, nikajifungia chooni nikalia. Msumari akanifuata mlangoni, akaniambia nilete stuli, upande wa pili wa meza una nafasi.

Jumapili, 9 Machi
Stuli! Mimi? Leo nimepata wazo la kuwanyamazisha wote, walio hai na waliokufa. Shida yote ni kule kukunja. Basi: kisu KISICHOKUNJIKA! Bapa limekazwa kwenye mpini moja kwa moja, halihitaji komeo maisha. Ajabu, hakuna aliyewahi kuliwaza hili! Mchoro nimeuficha chini ya godoro. Hata mke wangu sijamwambia. Yuko jikoni, anakata vitunguu.