Kichwa cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Nimejiandikisha. Siyo kujifunza! Nimesokota dredi miaka kumi na moja. Mwenye la kunifundisha hajazaliwa, na kama amezaliwa bado ananyonya. Naenda kuonekana tu. Siku tatu za mafunzo kwa vitendo, ukumbi wa juu ya duka la vitambaa, na siku ya nne mashindano. Mshindi atafundisha darasa lijalo. Yaani mimi.

Tatizo ni moja: wifi naye kajiandikisha. Dada wa mume wangu. Alikuja saluni kwangu hajui hata kushika chanuo, akakaa miaka miwili kwenye kigoda changu, kisha akafungua ya kwake ng'ambo ya barabara. Mlango wa kioo! Wateja wangu wakiingia kwake wananipungia mkono. Wananipungia!

Kila mshiriki aje na kichwa cha kusokota. Katika ukoo huu kichwa ni kimoja tu, cha mama mkwe. Nywele nyeupe, nzito, zinafika mabegani, mkasi haujazigusa tangu amzae huyo wifi. Wifi alijua ni chake, maana ni mama yake mzazi. Mimi leo saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni na mto wa kukalia. Nikamwambia mama mkwe kwamba binti yake ana mkono mzito. Akaniuliza kama mimi sina. Nikacheka kwa adabu. Kakubali, ila kwa sharti: asikatwe hata unywele mmoja.

Wifi atapasuka.

Jumanne, 5 Agosti

Mkufunzi ni mwanamke mfupi, sauti ya chini, sindano ya kroshia kaichomeka nyuma ya sikio kama penseli ya seremala. Kaanza kwa kutuambia tusahau tunayoyajua. Nikamwambia mengine hayasahauliki. Akasema tutaona.

Tuliambiwa tuje na sampuli ya kazi zetu. Nilikuja na dredi ya mteja niliyemsokota kwa miaka minne, aliyenyoa akaniachia. Kwa nini alinyoa, hakusema. Imesokotwa kwa nta yangu ya siri, ninayochemsha mwenyewe, na sitaji kilichomo hata humu. Ilisimama mezani wima kama msumari. Fahari tupu!

Mkufunzi akaichukua, akaikata katikati kwa mkasi, akainua juu. Ndani kulikuwa na kitu cheupe, kama pamba ya godoro kuukuu. Akaeleza kwamba nta haitoki, inaganda, inakusanya vumbi, na nywele zinaozea humo humo. Akauliza kazi hii ni ya nani.

Nikamwangalia wifi. Ukumbi mzima ukamwangalia wifi. Wifi akaniangalia mimi. Ukumbi ukarudi kwangu.

Nikasema nimeiokota.

Jumatano, 6 Agosti

Leo tumesokota kwa vidole, sindano, maji na mafuta kidogo. Nta marufuku! Kwa mwendo huo kichwa cha mama mkwe kitanila saa tisa nzima, na muda wa mashindano ni saa tano. Kanuni inasema kila kichwa kianze kikiwa kimefumuliwa na kuchanwa. Kanuni za wanyonge.

Nimepata mbinu. Alasiri nimekwenda kwa mama mkwe nikasokota nyuma yote, kwa nta, haraka haraka. Keshokutwa nitamfunga kitambaa, nimkalishe akiegemea ukuta, nijifanye naanza. Mama mkwe akauliza kama inaruhusiwa. Nikamwambia kanuni ni ya mbele tu. Akajipapasa, akasema anahisi kisogoni kama kavaa kofia ya chuma.

Nikamwambia huo ndio ubora.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo tumepangwa wawili wawili tusokotane. Nimepangwa na nani? Na wifi! Nikaapa sikai. Nikakaa. Nikakaza shingo na kuitingisha ili aharibu mistari. Hakuharibu. Ana mkono mwepesi, shetani yule. Kilichofuata sikijui, maana nilisinzia. Nimeamshwa na makofi, bega limelowa mate.

Mkufunzi alikuwa anamuuliza wifi nani kamfundisha kugawa nywele vile. Wifi akaninyooshea kidole. "Wifi yangu huyu. Kila mstari ninaougawa ni wake."

Watu wakasema ahaa. Kifua kikanibana. Gesi.

Ilipofika zamu yangu kumsokota yeye nilisema mkono unauma. Nimewaza jioni nzima anatafuta nini. Mtu hakusifu hadharani bure. Anataka kunilainisha. Silainiki!

Ijumaa, 8 Agosti

Ukaguzi! Nani alitaja ukaguzi? Kabla ya kengele ya kuanza mkufunzi kaanza kupita akishika kila kichwa, na kaanzia kwangu. Kafungua kitambaa. Kagonga kisogo cha mama mkwe kwa kucha. Ko, ko.

Nikasema kazaliwa hivyo.

Mkufunzi akainama, akamuuliza mama mkwe kwa heshima zote nani kafanya hivi na lini. Mama mkwe hajui kudanganya. Ndiyo kasoro yake kubwa. "Ni mkwe wangu, juzi alasiri. Kasema kanuni ni ya mbele tu."

Walicheka mpaka vibanio vikawadondoka. Hukumu: nifumue zote, nianze upya, au nifungashe vyangu. Nifungashe? Mimi? Nikadai chanuo.

Hazikufumuka. Maji ya moto, sabuni, mafuta, wapi! Saa nzima, dredi mbili. Chanuo limeng'oka meno manne. Mkufunzi akaja, akatazama, akasema kwa upole kwamba huenda itabidi kukata. Akaacha mkasi mezani.

Mama mkwe hakulia. Aliinua mkono tu, akafunika kisogo chake, kama unavyomfunika mtoto masikio. "Mwanangu," akaniambia, "nilikuomba kitu kimoja."

Chanuo likanidondoka. Uchovu.

Nikageuka, nikamkuta wifi. Kaacha kazi yake nusu, mtu aliyemleta kusokotwa kakaa kashangaa, upande dredi, upande kichaka. Kakunja mikono ya gauni, kashika sindano na chupa ya mafuta. "Wifi, shika kichwa. Usivute."

Amri! Mbele za watu! Nikashika. Tulifumua mpaka mwisho bila kusemezana, yeye kwa sindano, mimi kwa vidole. Kila unywele ulipokatika alinong'ona pole mama. Baadaye nikajisikia na mimi nanong'ona. Mkasi ulibaki mezani, haukuguswa.

Kengele ya mwisho ikalia. Ushindi umekwenda kwa mama mjamzito wa kiti cha dirishani, ambaye siku nne nzima hakusema neno. Utashindanaje na mtu asiyesema? Wifi hakupata kitu. Mimi waamuzi hawakunipa hata alama moja. Haya, lakini nani katazamwa kuliko wote ukumbini? Nauliza tu.

Jumapili, 10 Agosti

Mama mkwe kaamua mwenyewe: wifi asokote kulia, mimi kushoto, sebuleni kwake, kwa maji na mafuta, na asisikie kelele. Tumekaa tangu asubuhi. Mchana nilitaka kumwomba wifi radhi kwa mashindano yake yaliyoharibika. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Hapo hapo akaniambia mstari wangu umepinda, neno likarudi lilikotoka.

Kulia zimetoka nyembamba, zimelingana. Kushoto zina afya. Mama mkwe kajitazama kwenye kioo, kageuka huku, kageuka huku. Kasema anazipenda zote, ila picha atapigwa upande wa kulia.

Darasa lijalo ni mwezi ujao, na mashindano yapo tena. Fomu nimeshachukua. Wifi kamwahi mama yake, eti wamekubaliana nilipokwenda chooni. Sawa! Baba mkwe alikuwa anapita kuchukua gazeti lake, nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kichwa cha mviringo, kizuri, kimetulia, na mwenyewe hana maswali mengi. Kweli ana upara unaong'aa kutoka paji mpaka kisogo. Lakini fomu nimeisoma mara tatu, na hakuna mahali inaposema nywele ziwe zake.